Mashine ya kusokota nondo huzunguka polepole, na ndiyo maana hatuiogopi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaandikie mafundi wenzangu wa mageti na madirisha, pamoja na wale wanaotuundia mashine na wale wanaokuja kutukagua, juu ya mashine moja ambayo sasa iko katika karakana nyingi za pembezoni mwa barabara lakini haitajwi tunapozungumzia hatari za kazi yetu. Ni mashine ya kusokota nondo, ile inayoishika nondo ya mraba ncha zote mbili na kuizungusha ncha moja huku nyingine ikiwa imekazwa, mpaka nondo inatoka na yale mapindo ya kamba ambayo wateja huyapenda kwenye grili na kwenye vizuizi vya ngazi. Nimefanya kazi hii kwa miaka kumi na tisa. Nimeona macho yaliyovimba kwa mwanga wa kuchomelea na mapaja yaliyochanwa na grainda, lakini ajali ya mashine ya kusokota nimeiona moja tu, na ilitokea ndani ya karakana yangu, kwa kijana ambaye mama yake alinikabidhi nimfundishe kazi.

Tulipoanza, nondo tuliisokota kwa mkono. Ncha moja tuliibana kwenye jiliwa, ya pili tuliivika chuma kirefu chenye tundu la mraba, na watu wawili wakazunguka nacho. Ilikuwa kazi ya jasho, lakini mtu akibanwa kidole msukumo ulikoma palepale, kwa kuwa msukumo wenyewe ulikuwa ni yeye na mwenzake. Mota haina habari ya kilichobanwa. Chukua mota ya kilowati 2.2 inayozunguka mara 1,440 kwa dakika, ipitishe kwenye gia boksi inayopunguza mwendo mara 60, nawe utapata mizunguko 24 kwa dakika, ambayo kwa macho ni mwendo wa mtu anayekoroga uji. Kinachofichwa na upole huo ni kwamba kadiri gia inavyopunguza mwendo ndivyo inavyoongeza nguvu ya kuzungusha, karibu mara ile ile, ukitoa kidogo kinachopotelea ndani ya gia zenyewe. Nguvu inayosokota chuma kikiwa baridi haitausikia mfupa wa kidole. Grainda inapiga kelele na kurusha cheche, kwa hiyo hata mtoto hukaa mbali nayo. Mashine hii haipigi kelele, na mtu mzima anaiegemea huku akizungumza na mteja.

Siku ya ajali ilikuwa Jumamosi, na tulikuwa na oda ya madirisha kumi na mawili ya nyumba moja, yote kwa nondo za milimita 12. Fundi wangu mmoja alikuwa kwenye swichi, ambayo ilifungwa ukutani, hatua nne kutoka kwenye mashine, kwa sababu tu waya wa umeme uliishia hapo. Kijana alisimama katikati ya urefu wa nondo. Nondo ilipoanza kupinda na kupigapiga, kama nondo nyembamba zinavyofanya zikikosa kitu cha kuzishikilia, aliishika kwa mkono ili ainyooshe, kama alivyotuona sisi wakubwa wake tukifanya mara nyingi. Alikuwa amevaa glavu za ngozi, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia asiguse chuma bila glavu. Kona za nondo ya mraba zikishaanza kusokotwa huwa kama hesi za skrubu kubwa. Zilikamata ngozi ya glavu kwenye kiganja, zikaivuta, na glavu ikavuta vidole vilivyokuwa ndani yake. Alipiga kelele, lakini grainda ilikuwa inanguruma upande wa pili na fundi alikuwa amegeuka. Sidhani kama zilipita sekunde tatu toka kelele ile hadi mashine kusimama, ila katika sekunde tatu mashine ya mizunguko 24 kwa dakika huwa imekwisha kuzunguka zaidi ya mzunguko mzima. Kijana alipoteza kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia.

Napenda nieleweke vizuri kuhusu glavu, kwa kuwa najua kuna watu wema wanaowagawia vijana wetu glavu, na kuna mabango yanayosema vaa glavu wakati wote. Glavu ni lazima unapobeba nondo zilizokatwa na bado zina makali, unapochomelea na unaposhika chuma cha moto. Mbele ya kitu kinachozunguka, glavu hugeuka kuwa kamba iliyofungwa mkononi mwako. Mkono mtupu ukigusa kona ya nondo inayosokotwa, pengine utachubuka na kupata nafasi ya kujiondoa. Ngozi ya glavu haichaniki upesi hivyo, na kadiri ilivyo imara ndivyo inavyovuta zaidi. Katika karakana yangu sasa nimepigilia msumari kando ya swichi ya mashine hiyo, na anayetaka kuiwasha hutundika glavu zake hapo kwanza. Vivyo hivyo kwa mikono ya shati iliyolegea, pete, kamba za vitambulisho shingoni na nywele ndefu zisizofungwa. Mteja akija na kanga yake akataka kuona nondo inavyosokotwa, tunamwomba kwa adabu asimame nyuma ya mstari wa rangi tuliouchora sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye mashine, na mpaka leo hakuna aliyekasirika.

Lakini kumwambia mtu asishike nondo hakutoshi iwapo kazi yenyewe inamlazimisha aishike. Nilikaa na mafundi wangu tukajiuliza mkono hufuata nini pale, tukapata majibu mawili. La kwanza ni lile la nondo kupinda, na dawa yake ni rahisi kiasi cha kunitia uchungu, kwa kuwa tungeweza kuitumia tangu siku ya kwanza: ni kuipitisha nondo ndani ya bomba lililofungwa imara kwenye fremu ya mashine, lenye upana unaoiachia nondo nafasi ndogo tu, ili nondo isokotwe humo bila kuwa na pa kupindia na bila mtu kuifikia. Jibu la pili ni kuhesabu mapindo. Dirisha moja linaweza kuwa na nondo nane, na mteja anataka zote zifanane, kwa hiyo kijana huinamia nondo na kuisogelea kwa kidole ili alinganishe na ya kwanza. Sasa tumepaka mstari mweupe kwenye kichwa kinachozunguka, na anayeendesha huhesabu mizunguko kwa sauti akiwa amesimama kwenye swichi. Nondo zote za dirisha moja, zikiwa na urefu mmoja na unene mmoja, hupewa idadi moja ya mizunguko, na hutoka zikifanana kuliko tulipokuwa tukizipima kwa jicho.

Kuhusu swichi ningeweza kuandika barua nzima. Anayeweka nondo mashineni na anayewasha mashine wanapaswa kuwa mtu mmoja, na swichi iwe mahali ambapo mkono wake unafika akiwa amesimama wima, mbali na sehemu inayozunguka. Kuwe pia na kitufe kikubwa chekundu cha kuzimia kwa dharura, ambacho hata mtu aliyenaswa mkono mmoja anaweza kukigonga kwa mkono wa pili, kwa kiwiko au kwa goti. Wanaotumia kanyagio la mguu walijengee kifuniko juu, maana kipande cha chuma kikiangukia kanyagio lisilofunikwa, mashine itazunguka bila mtu kuikusudia. Halafu kuna jambo la umeme wetu kukatika na kurudi. Mashine nyingi za mtaani zimefungwa swichi ya kawaida ya kupandisha na kushusha. Umeme ukikatika, swichi hubaki imepandishwa, fundi anasogea kuitoa nondo iliyosokotwa nusu, umeme unarudi, na mashine inaanza kuzunguka mikono yake ikiwa ndani. Swichi ya sumaku, ambayo mafundi umeme huiita kontakta, ikifungwa pamoja na vitufe vyake vya kuwashia na kuzimia, hujiachia umeme unapokatika na haiwashi tena mpaka mtu abonyeze kwa makusudi. Ni kifaa kinachopatikana katika maduka ya vifaa vya umeme, na ninawasihi mafundi wenzangu wasiiendeshe mashine hii siku nyingine hata moja bila kuwa nacho.

Kutoa nondo nako kuna mtego wake. Nondo iliyosokotwa hubaki imevutika, na mota ikisimama hutaka kujirudi kidogo, kwa hiyo hubana kwenye tundu la kichwa cha mashine na haitoki. Hapo ndipo mmoja huivuta kwa mikono huku mwenzake akigusa swichi ya kurudisha nyuma, na akiigusa kwa nguvu kuliko alivyokusudia, mikono huzungushwa pamoja na nondo. Mtu mmoja airudishe mashine nyuma kidogo bila mkono wa mtu yeyote kuwa karibu, azime, angoje kichwa kisimame kabisa, kisha ndipo aitoe nondo. Na mashine isibebeshwe zaidi ya uwezo wake kwa sababu mteja ametaka nondo nene. Nondo ya milimita 20 ni nene mara mbili tu ya ile ya milimita 10, lakini kuisokota kunataka nguvu mara nane, kwa hiyo mashine iliyofanya vizuri kwa nondo za madirisha inaweza kukata bolti za taya au kung'oka sakafuni inapopewa nondo ya geti.

Macho pia yanahitaji kinga. Nondo itokayo kiwandani ina magamba meusi ya kutu ya moto, na inaposokotwa magamba hayo hubanduka na kuruka. Nondo iliyoungwa katikati kwa kuchomelea huweza kukatikia kwenye kiungo, kwa hiyo vipande vya kuunga visiingizwe mashineni hata kama kufanya hivyo kunaokoa chuma. Miwani ya kinga ivaliwe na kila aliye karibu.

Sheria, Ndugu Mhariri, tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri azikinge sehemu hatari za mashine na ampe mfanyakazi mafunzo, na OSHA, wakala wa serikali ya Tanzania wa usalama na afya mahali pa kazi, ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Tunao pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Kijana wangu hakuwa ameandikishwa popote, kwa sababu nilimhesabu kuwa mwanafunzi, ingawa alifanya kazi kutoka asubuhi hadi jioni kama wengine. Matibabu yake niliyalipa, lakini hilo si fidia ya vidole viwili kwa mtu wa miaka kumi na minane, na kosa la kutomwandikisha ni langu. Nakiri pia kwamba wengi wetu tukisikia mkaguzi yuko mtaani hufunga milango, tukihofia faini. Ningeomba OSHA waje kwenye karakana zetu mara ya kwanza kwa kutufundisha, watuonyeshe kinga iliyo sahihi kwenye mashine yenyewe, watupe muda, kisha warudi kukagua. Ningeomba vilevile vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambavyo vimekuwa vikirasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, viwe vinamhoji fundi wa chuma juu ya mashine hii na kumwona akiiendesha kabla ya kumpa cheti.

Kwa wanaoziunda mashine hizi, baadhi yao wakitumia gia boksi za magari makuukuu kwa ustadi ambao ninauheshimu, ombi langu ni kwamba wasiiachie mashine itoke kwenye karakana zao bila kifuniko cha gia na mkanda, bomba la kuongoza nondo, kitufe chekundu na swichi ya sumaku. Mnunuzi atalalamikia bei. Nilipoinunua yangu nililalamika, mtengenezaji akaondoa kifuniko na kuacha swichi ya kawaida ili anipunguzie, nami nikaondoka nimefurahi.

Na kwa wenye karakana, kuna mazoea yetu ambayo nayachukia sasa kuliko yote. Kazi ya kuchomelea geti tunampa fundi mzoefu, kwa kuwa geti likiharibika ni hasara. Kazi ya kusokota nondo tunamwachia saidia fundi wa juzi, kwa kuwa tunaiona ni ya kubonyeza na kungoja. Tunaulinda mchomo kuliko mtoto wa mwenzetu. Kwangu mimi mgeni haigusi mashine hiyo mpaka atakapokuwa amekaa miezi mitatu, ameiona ikiendeshwa, na ameniendeshea mbele yangu nondo kumi bila kusahau hata jambo moja kati ya niliyoyaeleza hapa.

Kijana huyo hakuondoka. Amejifunza kuchomelea kwa mkono wa kushoto, na mashine ya kusokota iko chini yake. Ufunguo wa swichi hulala kwake. Fundi yeyote wa hapa Morogoro anayetaka kuona bomba, kitufe na kontakta vilivyofungwa, akaribie karakanani, naye atamwonyesha.

Fundi wa mageti na madirisha,
Morogoro