Wanervii "waliokwisha" walitoka wapi tena mwaka 54 KK?

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hii stori ya Wabelgae na Warumi kila anayeisimulia anaipeleka vilevile tu, kwamba Julius Caesar, jemadari wa Roma, alipanda kaskazini mwa Gaul (Ufaransa ya leo na jirani zake) mwaka 57 KK, akawafyeka, basi, habari ikaishia hapo. Sisi wa Kigoma Wabelgiji tunawajua, 1916 jeshi lao lilitoka Kongo likawafurusha Wajerumani hapa mjini, lakini nchi ya Ubelgiji ni ya juzi juzi, 1830, jina ndo wamerithi. Wabelgae wenyewe walikuwa makabila mengi kati ya mto Seine na mto Rhine, na eneo lao kubwa leo liko Ufaransa.

Tatizo langu ni hili. Karibu kila tunachojua kuhusu vita hivyo kimetoka kwa Caesar, yaani jemadari aliyewapiga ndo huyohuyo mwandishi, tena anaandika huku anatafuta ukubwa Roma. Watu wanapenda kunukuu alivyosema kwamba kwa ushujaa Wabelgae ndo namba moja Gaul nzima, wanaona kawasifia. Sawa, kawasifia, ila ukimsifia sana adui uliyemshinda unamsifia nani hapo?

Chukua Wanervii, kabila la Wabelgae ambalo wafanyabiashara walikuwa hawaruhusiwi kuingiza mvinyo kwao eti utawalegeza. Kwenye ile vita ya mto Sabis walijificha msituni, Warumi wakiwa bize wanajenga kambi, hata kofia za vita hawajavaa, jamaa wakashuka mbio, wakavuka mto, wakapanda kilima wakawavamia. Ilikuwa hatari kweli, Caesar mwenyewe anasema alifika bila ngao ikabidi amnyang'anye askari wa safu ya nyuma ya kwake ndo akaingia mstari wa mbele, na ni mpaka Legioni ya 10 (legioni ni kikosi kikubwa cha jeshi la Roma) iliporudishwa ndo mambo yakageuka. Mwishoni wazee wa Wanervii wanakuja kuomba amani, wanasema katika wakuu wao 600 wamebaki 3 na katika wapiganaji 60,000 wamebaki 500 kwa shida. Hapo ndo wasimuliaji wengi wanafunga kitabu.

Msifunge! Kurasa za mwanzo za kitabu hichohicho cha Caesar Waremi, ambao walikuwa Wabelgae pia ila walichagua upande wa Roma mapema, walimwambia Caesar kwamba Wanervii wameahidi watu 50,000. Vita imepita wamekuwa 60,000. Halafu mwaka 54 KK, miaka mitatu tu baadaye, Wanervii haohao "waliobaki 500" wapo na majirani zao wameizingira kambi ya Quintus Cicero, kamanda wa Caesar na mdogo wake yule Cicero msemaji maarufu wa Roma, na wamejifunza kwa mateka wa Kirumi namna ya kuzungushia kambi handaki na tuta. Majembe hawana, wanakata udongo kwa panga za vita, wanaubeba kwa mikono na kwa nguo zao. Caesar akatuma barua imefungwa kwenye mkuki, ukarushwa ndani ya kambi, ukanasa kwenye mnara na hakuna aliyeuona mpaka siku ya tatu. Mwaka 52 KK Wanervii wakaombwa tena watu 5,000 wa kwenda kuikomboa Alesia, mji wa Wagaul uliokuwa umezingirwa na Caesar. Sasa mfu gani huyo anaombwa jeshi?

Sisemi hawakufa watu, walikufa wengi sana. Nasema hesabu ilikuwa na kazi yake, barua za ushindi za mwaka ule zilipofika Roma wakatangaza siku 15 za kuishukuru miungu, na Caesar mwenyewe anajigamba kwamba hajapewa mtu mwingine kabla yake.

Kuna namba moja naiamini kuliko zote, Mhariri, na hiyo wala haitajwi. Mji wa Waaduatuki, kabila lingine la hukohuko, ulipoanguka mwaka huohuo wa 57 KK Caesar aliwauza watu wote waliokuwemo kwa mkupuo, na idadi aliletewa na wanunuzi: watu 53,000. Mnunuzi wa watumwa hahesabu kwa ajili ya sifa, anahesabu kilichomtoa hela. Miaka minne baadaye, kuwakomoa Waeburoni, kabila lingine tena la huko, ambao kiongozi wao Ambiorix alimuulia legioni nzima na nusu, akaalika makabila ya jirani yaje yajichukulie mali za Waeburoni bure, na Ambiorix hakumpata mpaka leo.

Kwa hiyo mkiiandika tena hii stori ile 60,000 ikitokea, naomba hii 53,000 iwekwe pembeni yake, na mwaka 54 KK msiuruke.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Kigoma.