Kwa nini rangi ya maji inakugomea ukifika Lushoto

Karibu kila kundi tunalopanda nalo kwenda kuchora Irente, jabali la kutazamia bonde hapa Lushoto, Usambara ya magharibi, asubuhi huwa na mtu mmoja ambaye, ikifika saa nne, ameshafunga daftari lake na kulilaza mapajani. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Nadhani mimi sina mkono wa kuchora." Nyumbani Dar au Tanga alijaribu, ikakubali. Huku juu anga limeingia kwenye mlima, mlima umeingia kwenye miti, na ukurasa mzima umekuwa tope la kijani.

Tunaandika haya kwa ajili ya mtu huyo, na kwa yeyote aliyeshalipia matembezi yetu ya kuchora ya Jumamosi lakini bado hajafunga begi. Mkono wako ni mzima. Kinachokusumbua ni maji yaliyomo hewani, na hakuna aliyekueleza.

Rangi ya maji ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya mgunga. Maji huifungua ile gundi, brashi ikaibeba, na maji yakishaondoka gundi huushika unga kwenye karatasi. Kila kitu kinategemea maji kuondoka. Bondeni Mombo, jua la saa sita, yanaondoka kabla hujamaliza kupaka anga. Lushoto mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Juni au Julai ukungu ukipanda kutoka bondeni, hewa imeshashiba. Haina pa kuweka tone jingine. Unasubiri dakika ishirini, unagusa, bado mbichi.

Picha nyingi zinaharibikia hapo kwenye kusubiri. Karatasi iliyolowa hupita hatua tatu. Kwanza inang'aa, ukiinamisha daftari unaona mwanga wa anga ukitembea juu yake. Wakati huo ukiongeza rangi nyingine, zinaingiliana taratibu bila ugomvi. Mwishoni inakuwa kavu kabisa, na hapo nako huna wasiwasi. Katikati kuna muda ambao mng'ao umeisha lakini nyuzi za karatasi bado zina maji ndani. Kwa macho imekauka. Unagusa kwa brashi yenye maji mengi, maji mapya yanausukuma unga uliokuwa unatulia, nao unakimbilia pembeni. Linabaki doa jeupe lenye kingo za mikunjo, kama koliflawa zile tunazoziona zikipakiwa kwenye malori hapa kwenda Dar. Pwani hatua hii ni ya dakika mbili tatu. Huku, ukungu ukiwa umetanda, unaweza kunywa chai, ukamaliza, na ukurasa bado uko pale pale.

Kipimo chetu hakina gharama. Geuza mkono, weka mgongo wa vidole juu ya karatasi bila kusugua. Ukisikia ubaridi, maji bado yamo. Kusubiri kukizidi uvumilivu wako, usipake. Andika.

Na hapa ndipo daftari la nje linapotofautiana na picha ya kutundika ukutani. Mwaka jana wakati wa kipupwe tulikuwa na mama mmoja mwalimu, mgeni kabisa wa brashi. Ukungu ulifunga Irente mpaka hatukuona hata ukingo wa jabali. Alipaka bonde mara moja, akapima kwa mgongo wa vidole, akakuta baridi, akaweka brashi chini. Akachukua penseli na kuandika pembeni: saa mbili na nusu, sioni Mazinde, nasikia lori linapanda, nasikia jogoo wawili, harufu ya moshi wa miti mibichi. Saa nne ukungu ulipopasuka, mashamba ya mkonge yakatokea chini yake yote kwa mpigo, na ukurasa wake ulikuwa umekauka ukimsubiri. Alichora mistari ya mkonge kwa brashi karibu kavu. Nimeona picha nyingi za Irente zilizopakwa na watu wenye uzoefu. Huo ukurasa wa mwalimu ndio ninaoukumbuka.

Ujanja mwingine ni kuacha uzi mweupe. Badala ya kupaka mti ukagusana na mlima, acha kati yao nafasi nyembamba isiyo na rangi, kama upana wa bua la nyasi. Rangi mbili mbichi zisipogusana haziwezi kuingiliana, hata ukungu ukae mpaka adhuhuri. Watu huogopa hiyo nafasi wakidhani picha itaonekana haijaisha. Jaribu mara moja. Kwa mbali ile nyeupe inakuwa mwanga.

Ukungu wenyewe usiupake. Milima ya mbali siku ya jua inaelekea bluu kwa sababu hewa iliyo kati yako na mlima inatawanya mwanga wa bluu zaidi, kwa hiyo bluu ya ultramarini iliyozimuliwa sana inafaa. Ukungu ni matone ya maji, nayo yanatawanya rangi zote kwa pamoja, ndiyo maana ni mweupe. Rangi yake unayo tayari, ni karatasi. Lowesha sehemu hiyo kwa maji matupu, paka vilele vya miti juu yake, uache miguu ya miti iyeyuke ndani ya maji. Wakati huo unyevu wa Lushoto unakusaidia; karatasi inakupa muda mrefu wa kufanya hivyo kuliko utakaoupata popote pwani.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo tunapotofautiana na wateja wengi. Ukinunua rangi za bei kubwa na daftari la shule, umetupa hela. Afadhali kinyume chake. Karatasi nyembamba ikilowa inavimba, inafanya mabonde, na rangi yote inakimbilia mabondeni. Tafuta ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na ukiweza iwe ya pamba, kwa kuwa inavumilia kuloweshwa tena na tena kuliko ile ya massa ya mbao. Karatasi hizi hutiwa dawa, mara nyingi gelatini, ili maji yakae juu kwanza kabla ya kunywewa. Unyevu wa muda mrefu unaiharibu dawa hiyo. Nililijua hili kwa uchungu: niliacha bunda zima la karatasi ya pamba kwenye kabati lililoegemea ukuta wa nje, masika yote. Lilikuwa safi kwa macho. Tone la kwanza la bluu lilizama papo hapo kama limedondokea pamba ya dukani, na kila karatasi niliyojaribu ikawa hivyo hivyo. Siku hizi karatasi zetu zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaokaza, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usivitupe vyako.

Kwenye rangi nina msimamo mkali kuhusu jambo moja: kijani cha kwenye kasha kiache nyumbani. Msitu wa Magamba ukiupaka kwa kijani hicho unafanana na beseni la plastiki. Changanya ultramarini na njano ya limau, kisha tia kahawia ya sienna kidogo mpaka ukali upungue. Majani machanga yanataka njano zaidi. Mti wa mkulo uliokomaa unataka bluu na kahawia mpaka unakaribia weusi. Rangi tatu hizo zinatosha asubuhi nzima, na begi linakuwa jepesi kwenye mpando.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kuna ada ya kuingia na tunaishughulikia sisi kabla hatujaondoka. Anayependwa na wote humo ni kinyonga. Dume wa huku ana vipembe viwili puani, na kundi lake wanasayansi walilipa jina la Kinyongia mwaka 2006, wakilichukua kutoka neno letu hili hili la kinyonga. Ni kielelezo kizuri kwa mchoraji kwa kuwa hana haraka, lakini rangi yake haitulii. Tunachofanya ni kuchora umbo kwa penseli, kisha kuandika rangi na saa kwa mishale: mgongoni kijani cha njegere saa tatu, ubavuni madoa ya kahawia saa tatu na robo. Rangi utaipaka baadaye, kwenye kituo cha chai. Hatumshiki, hatumhamishi tawi.

Mara mbili kwa mwaka tunavuka kwenda Amani, Usambara ya mashariki, kwa ajili ya ua moja. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa akisimamia wilaya ya Tanga enzi za ukoloni, alilikuta ua dogo la zambarau na kulipeleka kwao; mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia ionantha. Leo vizazi vyake vimo kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, na Wajerumani bado wanaliita urujuani wa Usambara. Kwao hapa linaishi kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na ukiliona mara ya kwanza utashangaa lilivyo dogo. Majani yana vinyweleo vinavyoshika mwanga. Usivipake kimoja kimoja. Paka jani lote, subiri likauke kwa kipimo cha mgongo wa vidole, kisha pitisha brashi iliyofutwa kwenye kitambaa, ikwaruze juu tu. Andika liko upande gani wa mwamba na umbali wake na maji. Kuling'oa haturuhusu, hata jani, kwa sababu msitu linaoutegemea umeshapungua sana.

Jumamosi tunaondoka saa moja kamili asubuhi, watu wasiozidi sita. Karatasi, rangi tatu na vibanio vya kushikia kurasa tunavyo. Wewe njoo na sweta, viatu visivyoteleza, na kitambaa cha pamba kilichochakaa, kwa kuwa kipya mara nyingi hakinywi maji vizuri. Peni ya wino wa maji usiitegemee kwa kuchorea, wino wake mara nyingi huvuja ukiguswa na brashi. Penseli ya 2B haina tatizo hilo. Na uje na chupa mbili za maji, moja ya kunywa na moja ya rangi, uzifunge utepe wa rangi tofauti, kwa sababu kwenye ukungu zinafanana.