Sekunde 28 na boti ya Mokowe

Ndugu yangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, sisi huku Lamu hatujambo, watoto hawajambo, na ukuta wa uani kwa mama yako umetiwa chokaa kama ulivyoagiza. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu simu zangu huzipokei, na dada yako ameniambia hapa hupita ukasoma. Basi soma.

Arusi ya dada yako ni Mfungo Mosi, mwezi wa Shawwal, wajua. Nasikia umesema huji, utampa kadhi uwakala kwa simu amuoze, kwa kuwa hutaki kukaa kikao kimoja na mimi. Nimemkuta yule mtoto jikoni analia huku anapepeta mchele. Baba yenu hayupo, mama yenu hayupo, walii wake ni wewe, nawe wataka kumuoza kwa simu! Hilo ndilo lililonitoa kimya. Mimi nilikuwa nimeridhia uninunie mpaka mmoja wetu azikwe.

Katika ule ujumbe wako wa mwisho wa sauti ulisema mengi, na mengine nakusamehe kwa sababu ulikuwa na uchungu. Lililoniganda ni moja: "Ulinifanya kama Popovich alivyomfanya Duncan. Wakati wa mwisho ukaniweka benchi." Nimelala nalo, nimeamka nalo. Mwisho nikaitafuta ile mechi ya kikapu, Popovich kocha na Duncan mchezaji wake, nikaitazama yote, mara ya kwanza tangu alfajiri ile.

Wakumbuka ilianza saa kumi usiku kwetu, Jumatano ya tarehe 19 Juni 2013, mwezi wa mlisho, kule Miami ikiwa bado ni usiku wa Jumanne. Mechi ya sita ya fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, San Antonio Spurs yetu wanawaongoza Miami Heat tatu kwa mbili, wakishinda hiyo ubingwa ni wao. Tulikaa chini kwenye mkeka, sauti tumeipunguza asiamke mtu, sanduku lako limeshafungwa kwa kamba ya katani na limesimama mlangoni. Basi la Mombasa lilikuwa liondoke Mokowe, ng'ambo bara, saa moja. Mama yako, Mama Mkubwa wangu, aliamka mwenyewe bila kuamshwa, akaja akakaa nyuma yetu na tasbihi yake. "Yule kimya yuko?" akauliza. Yuko, tukamwambia. Hakumjua mchezaji mwingine ila Duncan, na Duncan kwake alikuwa ni yule kimya.

Na wewe ndiye uliyetuletea mtu huyo nyumbani. Sote mtaani tulikuwa tukimtaka Kobe Bryant wa Lakers, wewe ukaja na habari za mtoto wa kisiwani, St. Croix, aliyekuwa muogeleaji mpaka kimbunga cha Hugo mwaka 1989 kikaja kikavunja bwawa lao la kuogelea, naye akashika mpira wa kikapu. Ukatuhadithia kwamba mama yake alikufa kwa saratani siku moja kabla yeye hajatimiza miaka 14, na kwamba alikuwa amemuahidi atamaliza chuo, akakaa miaka minne chuoni na milioni za dola zinamsubiri nje. Mama Mkubwa alikuwa anasikiliza kutoka dirishani. Tangu siku hiyo timu ya nyumba ile ikawa Spurs.

Usiku ule Duncan alikuwa na miaka 37 na alicheza kama ana 25. Pointi 25 katika nusu ya kwanza peke yake. Adhana ya alfajiri ikaja karibu na mapumziko, 50 kwa 44, tukaenda tukaswali. Kusema kweli katika sijda niliomba nisichopaswa kuomba. Tuliporudi robo ya tatu ilikuwa imeshaanza. Robo ya nne tukaingia tuko mbele kwa 75 na 65, kisha LeBron wa Miami akapotewa na ule mkanda wake wa kichwani, kipara kikawa wazi, na tangu pale akawa kama mtu aliyevuliwa aibu. Wakatufikia, wakatupita. Parker wetu akarusha ile ya pointi tatu huku anarudi nyuma, mbele ya uso wa LeBron, 89 kwa 89, wewe ukanishika shati mpaka kifungo kikakatika. Kifungo kile sikukiona tena. Kisha Parker tena, 91. Kisha mitupo huru, na Ginobili akakosa mmoja akapata mmoja: 94 kwa 89, zimebaki sekunde 28 na nukta mbili.

Miami wakaomba muda. Kamera ikaonyesha watu wao wanatoka ukumbini, wengine wameshika mikono ya watoto wao. Na pembeni ya uwanja wafanyakazi wanatandaza kamba ya njano, ile ya kuwazuia watu wasivamie uwanja wakati wa kutoa kombe. Tuliiona kwa macho yetu. Nani angeona kamba ile asiamini? Nje nahodha alikuwa ameshampeleka mtoto kuja kukuita. Ukasema, "Zima, tumeshinda." Nikazima. Kumbuka hapo: aliyesema zima ni wewe.

Mama Mkubwa akakushika kichwa kwa mikono miwili akakusomea. Sitaki kulieleza hilo, ni lako.

Sasa nije kwenye Popovich, kwa sababu umemtaja, na mimi naona unamuonea. Miami walikuwa nyuma, wanataka pointi tatu, na Duncan ni mtu mkubwa wa chini ya kikapu. Kumkimbiza Duncan nje ya mstari akawafukuze warushaji ni kumtaka afanye kazi isiyokuwa yake. Popovich akamtoa, akaweka watu wepesi wa miguu, kila mmoja aweze kumpokea yeyote. Na ulinzi ule ulifanya kazi! LeBron alirusha akakosa. Akarusha tena baadaye akakosa. Mara zote mbili mpira ukarudi mikononi mwao, kwa sababu mwenye ribaundi 17 za usiku ule, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka yeye, alikuwa amekaa na taulo begani. Mara ya kwanza ukarudi kwa LeBron mwenyewe, akatia, 94 kwa 92. Halafu Kawhi Leonard wetu, miaka 21, mitupo huru miwili, akakosa wa kwanza akapata wa pili, 95 kwa 92. Halafu Bosh wa Miami akaurukia mpira, na mwenzake Ray Allen, ndugu yangu, Ray Allen anarudi kinyumenyume kwenda kona bila kuangalia chini, visigino vinautafuta mstari kama mtu anayetafuta ndara zake gizani. Pasi inamfika, miguu imeshakaa, akarusha ikaingia, 95 kwa 95. Zilibaki sekunde 5 na nukta mbili. Waamuzi wakaenda kuangalia marudio kama alikanyaga mstari. Hakukanyaga.

Nimelirudia hilo mara nyingi wiki hii. Popovich alikosea? Matokeo yanasema alikosea. Lakini aliamua kwa alichokijua saa ile. Mtu hahukumiwi kwa mpira uliodunda baadaye.

Na mimi niliamua kwa nilichokijua. Mama Mkubwa alipoanza kuugua mwaka 2019, tukampeleka Mombasa, daktari akasema kuna matumaini. Nilitaka kukupigia siku ile ile. Yeye ndiye aliyenishika mkono. "Usimwambie. Ataacha kazi aje mbio." Nikakwambia anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Wiki sita nikakwambia hivyo. Ulikuwa ndiyo kwanza umepata kazi mpya, ruhusa ilikuwa haipatikani, ada ya chuo ya dada yako inatoka mfukoni mwako. Nikushauri kama ndugu: mtu aliye mbali asitake kuambiwa kila homa ya nyumbani, atakonda bure. Wewe mwenyewe ulipovunjika mkono kazini, sisi tulijua lini? Baada ya miezi mitatu, mkono umeshafunguliwa plasta. Mama yako alikusamehe siku hiyo hiyo. Hakukuita muongo.

Lakini umekuja siku ya hitima yake, sisi tumeshamsitiri tangu juzi. Umeshuka kutoka boti ya Manda, kwenye uwanja wa ndege, nimenyoosha mkono, umeupita, umebeba begi lako mwenyewe. Watu wote wa jeti, pale gatini, wameona. Hilo, sitakuficha, sijalisamehe. Mimi ndiye niliyemlalia chini ya kitanda, mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea. Ulikuwa na haki ya kulia, ulikuwa na haki hata ya kunipiga. Kunipita kama mpagazi hukuwa na haki.

Umesema pia kwamba Popovich aliwakalisha wachezaji wake mwanzo wa msimu uliofuata akawaonyesha ile mechi waliyofungwa, hakuwaficha kitu, ndipo 2014 wakawapiga Miami nne kwa moja. Kweli. Ile 2014 ulinipigia kutoka Doha tukalia wote kwenye simu, Mama Mkubwa anauliza nani kafa. Nilidhani siku ile tumemaliza. Kumbe ulikuwa bado na basi.

Najua habari ya basi. Umenihadithia zaidi ya mara moja. Ulipanda Mokowe unawatangazia watu tumechukua ubingwa, barabara ya vumbi mpaka Witu wewe unaisimulia mechi, ukawaeleza mpaka kamba ya njano. Garsen kijana mmoja akapata mtandao, akakuonyesha simu yake mbele ya watu: 103 kwa 100, muda wa nyongeza, Bosh kauzuia mpira wa mwisho wa Danny Green. Ulisema kicheko kile ulikisikia mpaka Malindi. Ukaniuliza, ulijua? Nikakuapia kwamba boti iliondoka mimi sijui lolote, nimejua niliporudi nyumbani nikawasha.

Hapa ndipo penye barua hii. Yote niliyoandika juu nimeyaandika nikiizunguka.

Tulishuka Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, mimi nimebeba sanduku kichwani, wewe unaniambia habari za gwaride la San Antonio, kwamba wao husherehekea kwa mashua mtoni, na ndiyo timu inayotufaa sisi. Tukafika jeti. Maji yalikuwa yamejaa, boti inagonga ngazi. Nimekupa sanduku, umeruka ndani, na simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Nikaitoa. Alikuwa ni yule mwenzetu wa Langoni: "Ray Allen. 95-95. Nyongeza." Nikainua macho, wewe umesimama katikati ya boti umeweka mkono juu ya paji kwa jua, unacheka. Ukanipigia kelele, "Tumeshinda, sivyo?" Simu iko mkononi mwangu bado ina mwanga.

Nikasema, "Tumeshinda. Nenda salama."

Tulikuwa hatujafungwa bado, nilijiambia hivyo. Ilikuwa sare, na nyongeza tungeweza kushinda. Nilikimbia mpaka nyumbani miguu mitupu, ndara mkononi, nikikimbia ili maneno yangu yawe kweli kabla hujafika Mokowe. Mama Mkubwa alikuwa amenitengea mahamri na mbaazi mbele ya televisheni. Sikuyagusa. Green aliporusha ile ya mwisho nilikuwa nimesimama. Akaniuliza, "Vipi yule kimya?" Nikamwambia tumefungwa kwa tatu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Usimwambie mpaka afike."

Basi nilijua. Nilikuapia kwa uongo, na nimekaa nacho kiapo hicho miaka yote hii. Mwezi uliopita nimekwenda kwa sheikh nikamuuliza, nikalisha maskini kumi. Hilo ni baina yangu na Mola wangu. Lililo baina yangu na wewe ndilo hili nimelisema.

Dada yako hajui nimeandika. Akidi ni baada ya Isha, msikiti ule ule wa baba yako. Nyumba yako imefagiliwa, godoro limeanikwa. Niambie tu ndege ya siku gani, kwa yeyote utakayemwambia. Nitakuja Manda na boti. Ukitaka kubeba begi lako mwenyewe, libebe.