Shukrani kwa bi mkubwa wa daladala ya Wete

Nakutafuta nikushukuru, bi mkubwa uliyepanda daladala ya Wete kwenda Chake na pakacha la mbirimbi mapajani. Mimi ndiye niliyekaa na mama, kajifunika kanga upande wa kulia wa uso.

Siku mbili tulikuwa tukimpaka liwa, majirani wakisema mdudu kamkojolea. Wewe uliomba ruhusa, ukaifunua kanga polepole, ukaangalia ncha ya pua yake: malengelenge matatu madogo, yamejaa maji. "Mwanangu, huu mkanda wa jeshi. Ukishafika puani, jicho limo hatarini. Msirudi nyumbani, nendeni hospitali sasa hivi." Ukanitia na nauli mkononi.

Daktari alisema vilevile. Ni kirusi cha tetekuwanga aliyougua utotoni, kilichojificha kwenye mishipa ya fahamu miaka yote hiyo, na dawa yake yataka ianzwe ndani ya saa 72 tangu vipele kutoka. Akapewa asikloviri, vidonge mara 5 kwa siku. Tena akatuonya, na hili ndilo lililonitisha khasa: kinaweza kuingia mishipa ya damu ya ubongo kikaleta kiharusi, hata wiki kadhaa baada ya vipele kukauka. Kila asubuhi tukimsemesha, tukimwambia anyanyue mikono yote miwili.

Leo mama katia uzi kwenye sindano mwenyewe, anashona kofia. Jina lako hatukuuliza, nami linaniuma. Mwenyezi Mungu akulipe kheri, wewe na wazee wako.