Bima ya afya isiwe ya wenye mshahara tu

Mhariri, naomba nafasi niseme hili la bima ya afya. Hapa Busia, upande wa Uganda, mtu wa boda akigongwa vibaya hadi mfupa umetokeza, hakuna anayeuliza ana bima au hana, wote tunakimbia naye hospitali. Shida iko kwa yale majeraha ya kawaida. Kifundo kimevimba, mwenye kadi ya bima ya kazini anaenda siku hiyohiyo anapigwa eksirei, asiye nayo anameza Panadol, anafunga kitambaa na jioni yuko steji anatafuta abiria juu mkopo wa pikipiki haungoji. Kijana mmoja wa steji yetu alichomwa mguu na eksozi akakaa nayo hivyo mpaka kidonda kikaanza kunuka na mguu umevimba hadi gotini, ndo wakampeleka, na sasa si kuosha kidonda tena, ni kulazwa.

Najua hospitali za serikali zilifuta malipo tangu 2001, na hilo lilisaidia watu wengi sana, lakini glavu unaambiwa ununue nje, dawa nje, na vyuma vya kuunga mfupa ndo usiseme, familia zinauza hadi shamba.

Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa 2021, Rais hakuusaini. Wabunge wetu, tunaomba mpambane na hilo, na mtu wa boda awekewe njia ya kulipa kidogokidogo kwa simu maana yeye hana mshahara wa kukatwa kila mwezi.

Msomaji wenu, Busia