Playford alikuwa muuza vitabu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka kumi na moja bila kukuandikia hata mstari. Ile makala ya Jumapili iliyomwita John Playford "mtunzi wa muziki wa densi za vijijini Uingereza" ndiyo imenichokoza.

Playford alikuwa muuza vitabu, duka lake likiwa Inner Temple, London, karibu na mlango wa kanisa. Mwaka 1651, Mfalme Charles amekatwa kichwa miaka miwili nyuma na majumba ya maigizo yamefungwa kwa amri ya Bunge, alichapa The English Dancing Master: densi 105, kila moja na tuni yake na maelezo ya hatua chini yake. Tuni nyingi watu walikuwa nazo tayari. Aliona soko, akachapa, na soko likaitika: matoleo kumi na nane, la mwisho likatoka karibu 1728, mwenyewe keshazikwa zamani.

Mimi hupiga fidla kwenye kikundi cha densi hapa Leeds, kila Alhamisi, ukumbi wa kanisa. Mwaka jana nilinunua kitabu cha tuni hizohizo kwa pauni 14. Kufungua, nakuta nota za Playford, juu yake wamebandika alama za gitaa, chini yake "marufuku kutoa nakala", na maelezo ya hatua yote yamefutwa! Usiku huo wenzetu saba wakageuka kulia, mzee mmoja akageuka kushoto, akanikanyaga kidole gumba nami nimekaa kwenye kiti changu. Tukabishana nusu saa, chai ikapoa kwenye birika. Hivi nota zilizochapwa Mreno akiwa bado ndani ya Ngome ya Yesu pale Mombasa, leo ni mali ya nani hata nizuiwe kuzitolea nakala?

Na tusiwacheke Waingereza. Kwetu Tanga nilinunua kanda ya taarabu, jina la mwenye duka likawa kubwa kama bango la harusi, la mtunzi halimo kabisa.

Mwandishi wako anyang'anywe kalamu, apewe fidla mpaka Krismasi. Masahihisho myachape palepale ilipokaa makala, kwa herufi zilezile nene. Msiyafiche chini ya matangazo ya viwanja kama mlivyozoea.

Mpiga fidla,
Leeds