Mtoto wa sukari ya kushuka haponi kwa dripu

Mhariri,

Miaka yote nawasoma na kunyamaza, lakini ile makala yenu ya sukari ya watoto wachanga imenishinda. Eti mtoto akishuka sukari anyonyeshwe, atundikiwe dripu ya glukosi, basi, yamekwisha. Kwa wengi ni kweli. Na wale ambao dripu ikichomolewa tu sukari inashuka tena?

Mjukuu wangu ni mmoja wao. Kongosho lake linamwaga insulini, ile homoni ya kushusha sukari, hata akiwa na njaa, na insulini hiyo hiyo inauzuia mwili usitumie mafuta kama akiba, ubongo unakosa huku na huku. Hayo tumekuja kuelezwa baadaye. Usiku ule alipokakamaa, macho yamegeukia juu, jirani alikuja mbio na kigae chenye mavi ya tembo yanayofuka moshi, akakiweka kichwani pa mtoto: degedege hiyo! Zahanati nao wakasema malaria, na kipimo cha sukari, kinachotaka tone moja tu la damu ya kisigino, kimelala mezani pao kinawasubiri wazee wa kisukari. Hospitali kubwa kipimo kikasoma milimoli 1.4 kwa lita. Leo tunaambiwa asishuke chini ya 3.5, na vile vijiti vya kupimia tunanunua wenyewe.

Dawa ipo. Inaitwa dayazoksaidi, ya kunywa kila siku kwa miezi au miaka, dozi inahesabiwa kwa kilo za mtoto, kwa hiyo inapanda anavyokua. WHO wameiweka kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto. Nendeni Kariakoo mkaiulizie, muone mtakavyotazamwa! Yetu tunamwagiza yeyote anayesafiri. Inamwotesha nywele hadi kwenye paji la uso, na kwenye daladala kila mama ana ushauri wake wa wembe.

Halafu hizi nguzo za umeme! Barabara yote ya Kilwa, bango la mganga wa degedege na namba ya simu juu. Wanaowafukuza mama lishe asubuhi na jioni hawayaoni?

Ombi langu ni dogo. Kila Jumatatu punguzeni mkeka mmoja wa kubeti, hapo mtuandikie duka gani la dawa Dar lina dayazoksaidi wiki hiyo. Mkikosa, paacheni peupe, tutaelewa.

Bibi wa Mbagala,
Dar es Salaam